Ushauri wa nchi za baridi hauotishi kitu Mji Mkongwe

Mtu akianza tu kupenda maua ya majani, yani haya yanayofugwa ndani kwa ajili ya jani lenyewe, jambo la kwanza anafungua simu anatizama video, na video karibu zote zimerekodiwa na watu wa London sijui Toronto, wanamwambia nunua mashine ya kuvukiza hewa, weka sinia la kokoto na maji chini ya chungu, mfungie mmea wako kwenye kabati la kioo, sogeza dirisha la kusini. Na mtu wa Kiponda, hapa hapa Mji Mkongwe, anafanya yote hayo! Mwezi haujaisha jani la Anthurium limeshapiga doa jeusi lenye ukingo wa njano, mizizi ukiigusa inabanduka maganda mkononi, na yeye anasema mie sina mkono wa kupanda. Mkono unao bibi, ila umefata maneno ya watu ambao hewa ya ndani mwao inakaushwa na hita nusu ya mwaka.

Sie unyevu tunapewa bure na bahari. Hewa ya Unguja inakaa kwenye asilimia 75, 80, masika inapanda zaidi ya hapo, na hiyo mimea ya misitu ya Colombia na Borneo inaomba 60 au 70 tu iridhike. Mashine ya kuvukiza hapa ni kutia maji baharini. Tunachokosa sie ni hewa inayokwenda. Nyumba zetu za zamani zina kuta nene, madirisha ya mbao tunayafunga kwa vumbi na kwa macho ya watu, chumba kinakaa na joto lake na unyevu wake toka asubuhi mpaka jioni, na huo ndo uwanja wa ukungu na bakteria wa majani. Kwa hiyo kitu cha mwanzo kununua ni feni. Kama una pangaboi liwashe kwa mwendo wa mwisho wa chini, kama huna kafeni kadogo ka mezani kanatosha, kasipige majani moja kwa moja, kageuze kwenye ukuta hewa izunguke. Na ile tabia ya kurashia majani maji kila asubuhi iache kabisa, rashia nguo zako unapopiga pasi.

Vyungu pia. Kule kwao plastiki inawafaa kwa sababu udongo wao unakauka mbio. Hapa plastiki inashika maji mpaka mizizi inazama, chungu cha udongo wa kuchoma kinapumua pembeni, na mafundi wa vyungu bado wapo, ukimwambia akutoboe tundu chini anakutoboa. Kumwagilia usihesabu siku, mana siku za kaskazi si siku za masika. Chukua kijiti cha mishkaki, kichome mpaka chini ya chungu, kiache kidogo, kikitoka na rangi ya kulowa na vijidongo vimeganda bado, subiri. Kikitoka kikavu karibu chote, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Hicho kijiti kinashinda vile vipima unyevu vya dukani vyenye mshale, mie vile sivitaki hata bure, kwenye mchanganyiko wa makumbi ya nazi vinasema kukavu wakati kunachuruzika.

Haya, mwanga. Hapa ndo penye kazi khasa, na ndo watu wengi wanapopoteza mimea yao bila kujua, kwa sababu jicho la binaadamu linadanganya. Unakaa ukumbini ghorofa ya kwanza, unasoma gazeti vizuri tu, unaona kweupe, lakini dirisha lako linatizama ukuta wa jirani ambao ukinyoosha mkono unakaribia kuugusa, na ukuta wako mwenyewe una unene wa zaidi ya nusu mita kwa hiyo hata huo mwanga unaingia kwa kubanwa. Hatua mbili kutoka dirishani mmea upo gizani. Hautakufa leo. Utarefusha vikonyo, utatoa jani dogo kuliko lililopita, halafu dogo zaidi, na wewe unaongeza mbolea kumbe ungesogeza chungu.

Na hilo dirisha la kusini wanalosifu wazungu ni la kwao. Sie tupo nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na mwanzoni mwa mwezi wa kumi, na baina ya hapo linahama upande. Kusi lote na kipupwe jua lipo upande wa kibla, kwa hiyo dirisha la kaskazini ndo linalopigwa. Ikifika kaskazi, mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili, limeshahamia kusini na dirisha lako la kibla halioni jua hata kidogo. Mmea uliokaa raha mustarehe mwezi wa saba, mwezi wa kumi na mbili unalala njaa pale pale ulipouweka. Na kinyume chake, dirisha la kusini lililokuwa na kivuli kizuri linaanza kuunguza. Mie vyungu vyangu vinahama kama wavuvi wa dago, wale wanaohama kambi kufata samaki, na kila nikihamisha naanza na jua la asubuhi, la saa mbili saa tatu, hilo halina ubaya, la saa nane linababua jani la Philodendron likabaki na baka la rangi ya karatasi ya khaki ambalo halirudi tena.

Kama unataka kipimo cha bure: saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale pale unapotaka kuweka chungu, nyanyua kiganja juu yake kiasi cha rula ya skuli. Kivuli chenye ukingo mkali, hapo panaweza kuunguza majani laini. Kivuli laini lakini vidole unavihesabu, hapo weka Anthurium, Philodendron, Alocasia, Monstera. Hakuna kivuli, hapo weka kiti.

Kwa waliokuwa na nyumba ya kivuli tupu taa zinasaidia, na huhitaji zile taa za zambarau zinazofanya chumba kikawa disko. Balbu ya LED nyeupe ya kawaida, wati 10 mpaka 15, ining'inie karibu na majani, yapata futi moja, iwake saa 12 kwa siku. Balbu ya wati 10 kwa saa 12 inakula yuniti 0.12, kwa hiyo tukuza (umeme wetu wa kulipia kabla) haiendi huko wanakosema watu wa nyumbani mwako. Umeme ukikatika siku moja mbili mmea hausemi kitu.

Sasa maji. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, maji ya visima yanapita humo kabla hayajafika kwenye simtanki yako, yanakuja na chokaa, na sehemu za karibu na bahari yanakuja na chumvi juu yake. Tizama birika lako la umeme ndani, ule ugaga mweupe. Ugaga huo huo unajijenga kwenye udongo wa chungu na kwenye ukingo wake kwa nje, unaanza kama unga mweupe juu ya mstari wa maji, baadae unakuwa gamba unaloweza kulikwangua kwa kucha. Mmea unakwambia mapema: ncha za Calathea zinakauka rangi ya kahawia, majani mapya ya Philodendron yanatoka njano huku mishipa imebaki kijani. Huo unjano sio njaa ya mbolea kwa jumla, ni madini ya chuma yamo kwenye udongo lakini chokaa imeyafungia, mzizi hauwezi kuyachukua. Ukiongeza mbolea unaongeza chumvi tu.

Dawa yake ni mvua. Masika kinga maji ya bati kwenye pipa, acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na vinyesi vya kunguru kwanza, halafu funika pipa kwa kitambaa cha chandarua usituletee mbu mtaani. Kiangazi, maji yanayodondoka kwenye mpira wa AC. Wallahi watu wanayaacha yanamwagika kichochoroni na kuwalowesha wapita njia, na yale ni maji yaliyotoka hewani hayana chokaa hata chembe. Ya kunywa sio, lakini Calathea inayapenda. Mie sina AC, jirani yangu wa chini anayo, tumekubaliana ndoo yangu inakaa chini ya mpira wake na yeye anapata maua ya kuweka barazani. Kuchemsha maji kunapunguza chokaa kiasi, chumvi ya bahari haitoki kwa kuchemsha, kwa hiyo usijisumbue na gesi.

Waliokuwa na AC lakini wajue na jengine: chumba kinachopozwa usiku kucha hewa yake inakauka, na humo humo ndo utitiri mwekundu unapojaa. Utaona vumbi vumbi la rangi ya kutu chini ya jani na utando mwembamba pembeni ya kikonyo. Osha majani chini kwa bomba, kila baada ya siku kadhaa, mpaka uishe.

Udongo wa bustani usiuweke ndani ya nyumba. Hii mimea mingi huko kwao haikai ardhini, inapanda miti, mizizi inaning'inia hewani au inashika magome, kwa hiyo inataka kitu chenye mapengo. Mabegi ya mchanganyiko yanayoletwa na boti kutoka Dar ni ghali na mengi yamejaa vumbi la mboji linaloshika maji. Na sie tumekalia makumbi! Ila makumbi yana mambo yake. Ukienda Jambiani au Paje utakuta usumba, zile nyuzi za makumbi, ulio tayari, mlaini, msafi kwa macho, lakini huo umefukiwa pwani na kina mama miezi kadhaa ili uoze na kulainika, umekunywa maji ya bahari. Ukiupandia hivo hivo umepanda baharini. Bora uchukue makumbi makavu kwa wafua nazi, uyakate kwa panga vipande vya ukubwa wa kidole gumba, uyaroweke. Maji ya mwanzo yanatoka mekundu. Mwaga. Ya pili, ya tatu, mpaka yatoke ya kung'aa. Na hapa ndo pazuri, maji yetu ya chokaa ambayo nimeyasema vibaya hapo juu kwenye kazi hii yanafaa, mana kumbi linashikilia chembe za chumvi kwenye nyuzi zake na kalsiamu ya kwenye maji inazisukuma zitoke. Kwa hiyo roweka kwa maji ya bomba, ukimaliza suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Kama bomba lako lenyewe lina ladha ya chumvi, hapo haisaidii, tumia mvua toka mwanzo.

Halafu changanya: makumbi nusu, mkaa uliopondwa vipande (chekecha uondoe unga), vigae vya vyungu vilivyovunjika, na samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka haina harufu, kidogo tu. Palaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi, ukipata weka, usipopata usilie.

Mama alikuja kunitembelea kutoka Wete, Pemba, mtu ambae maisha yake yote amelima. Nikamuonesha Alocasia ile wanayoita Black Velvet, ninayoipenda kuliko zote, jani lake halizidi kiganja, nene, la mahameli, karibu na weusi, na mishipa imechorwa kwa fedha. Ilikuwa inatoa jani jipya, limejikunja limechungulia kwenye kikonyo cha jani la zamani. Mama akainama, akalitizama, akainuka.

"Hili jimbi, mwanangu."

"Mama, hili linatoka Borneo."

"Ndo jimbi la Borneo. Bei gani?"

Nikamtajia nusu ya bei. Akanyamaza kidogo, akasema yeye ana shamba zima la hayo, niende nikachukue.

Na anasema kweli kwa upande wa nasaba. Alocasia, Anthurium, Philodendron, Monstera, ZZ, wote ni ukoo mmoja na majimbi tunayotia kwenye futari. Hata ile washa ya jimbi lisilopikwa sawa sawa ni hiyo hiyo, ni visindano vidogo sana vya kalsiamu oksaleti vilivyomo kwenye utomvu na majani. Ukikata kipande cha kupandia vaa glovu au osha mikono kabla hujajigusa macho, na mwenye mtoto anaetambaa au paka (na nani hapa mjini hana paka, hata usipofuga wanakuja wenyewe) aweke juu.

Lakini kwa nini nnaitaja hii Black Velvet, jina lake la kitaalamu Alocasia reginula. Kwa sababu huko Borneo inaota kwenye majabali ya chokaa. Na Anthurium clarinervium, ile yenye jani la moyo na mishipa myeupe, inatoka Chiapas kule Mexico, nayo inakaa kwenye majabali ya chokaa. Yani mimea miwili mizuri kabisa, ya bei, ambayo mtu wa Ulaya anaihangaikia, inataka jiwe tulilojengea nyumba zetu. Kwenye vyungu vya hii miwili mie naweka vipande vya matumbawe badala ya vigae, vile vinavyopatikana kwenye vifusi nyumba ya zamani ikibomolewa, navigonga na kuviosha vizuri. Sio jiwe la pwani, lile lina chumvi, na matumbawe hai hayatolewi baharini hata kwa maua. Wala sio chokaa mbichi, inaunguza. Na hawa wawili hata maji ya bomba wanavumilia kuliko wengine. Mtu akiniuliza aanze na nini namwambia anza na hao. Ila usiwape hao wengine matumbawe, Philodendron ukimpa atakuwa njano wiki chache tu.

Kuhusu bei, hili gonjwa lilipanda wakati wa korona watu walipofungiwa majumbani. Mwezi wa sita 2021 huko New Zealand mtu alinunua kwenye mnada wa mtandaoni Rhaphidophora tetrasperma yenye mabaka meupe kwa dola za kwao 27,100, mche ambao majani yake hayafiki kumi. Mabaka meupe yenyewe maana yake ni kwamba sehemu ile ya jani haina kijani cha kutengenezea chakula, kwa hiyo mmea unalisha na jani lisilofanya kazi. Ndo mana unakua pole pole na unataka mwanga zaidi, na ndo mana jani likitoka jeupe lote linapendeza kwa picha halafu linaoza kuanzia ukingoni. Likitoka hivo majani mawili mfululizo kata shina mpaka kwenye kifundo cha mwisho kilichotoa jani lenye mchanganyiko, usione huruma.

Monstera mbili watu wanazichanganya. Ile Albo, mabaka yake ni bahati ya seli, upande mmoja wa shina ni mweupe upande mwengine kijani, hata miche ya maabara haiaminiki kuirudisha ilivyo, kwa kawaida inakatwa kipande kwa kipande. Thai Constellation, yenye nukta nukta za rangi ya maziwa, mabaka yamo mwili mzima, inazalishwa maabara kwa tishu kama miche ya migomba, maelfu kwa maelfu, na bei yake imeporomoka. Kwa hiyo ukiambiwa Thai ni adimu na unatakiwa utoe pesa ya mbuzi, subiri. Kusubiri kwenye biashara hii kunalipa.

Na kuna wizi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni simtaji aliniuzia Philodendron Pink Congo, majani ya waridi yanang'aa huwezi kuamini. Ile waridi sio yake, mmea unatiwa dawa kwenye kitalu, baada ya miezi majani mapya yote yanatoka kijani na hayabadiliki tena. Pink Princess ni kitu chengine, ile waridi yake ni ya kweli, iko kwa mabaka kwenye jani jeusi jeusi. Na mtu akikuuzia mbegu za Monstera albo, mcheke, mabaka ya albo hayapiti kwenye mbegu hivo.

Kinachonichekesha zaidi lakini ni ZZ. Siku hizi ile nyeusi, Raven, watu wanaiagiza Dar kwa pesa nyingi waiweke sebuleni. Zamioculcas zamiifolia asili yake ni pwani yetu hii, kuanzia Kenya kuteremka mpaka Afrika Kusini na Zanzibar ikiwemo, Waingereza walishauandika toka 1829, ukakaa zaidi ya karne na nusu bila mtu kuushughulikia, mpaka Waholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi kwenye mwaka 1996 hivi na ukajaa kwenye maofisi ya dunia nzima. Unaota kwenye nchi ya maweni, una viazi chini vinavyoweka maji, ndo mana haufi. Na sio wa kwanza kutoka hapa kwenda kukaa madirishani kwao, kuna Impatiens ambayo mbegu zake Sir John Kirk, yule konseli wa Kiingereza mwenye bustani Mbweni, alizipeleka Kew, bustani ya mimea ya Uingereza, kutoka Zanzibar, ikatangazwa 1882 kwa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani. Kwa hiyo tukitoa tunatoa bure tukirudishiwa tunanunua, lakini hiyo hadithi sio ya maua peke yake, tuiache. ZZ mwagilia mara moja kwa wiki mbili tatu, iweke popote palipo na mwanga kidogo, sina la kuongeza.

Wadudu: utitiri nshausema. Vidung'ata, vile vipamba vyeupe kwenye kwapa la jani, futa kwa pamba yenye spiriti, halafu tafuta njia ya sisimizi, mana sisimizi ndo wanaowabeba kutoka chungu hichi kwenda kile kwa ajili ya utamu wao. Ukiwaacha sisimizi utafuta vidung'ata mpaka uchoke. Vithiripi ndo wabaya kuliko wote, wanakwangua jani likabaki na mng'ao wa kibati na vinukta vyeusi. Majani ya mwarobaini yatwange, yaroweke usiku kucha, chuja, tia sabuni ya maji kidogo, piga jioni sio mchana kwa sababu jua linaiua dawa. Rudia kila wiki. Mmea wowote mpya, hata aliokupa shoga yako wa kufa na kuzikana, ukae chumba chengine wiki kadhaa kabla haujachanganywa na wengine.

Na kama unaleta kutoka nje ya nchi chukua kibali cha wizara ya kilimo na cheti cha afya ya mmea kutoka unakotoka. Najua watu wanaficha vipande kwenye begi la nguo. Kidung'ata wa muhogo aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini miaka ya 1970 kwenye vipande vya mimea, akateketeza mihogo nchi na nchi, mpaka kuanzia 1981 wakaletwa nyigu wadogo wanaoitwa Anagyrus lopezi kutoka huko huko kuja kumla. Muhogo ni chakula cha watu. Jani lako la picha haliwezi kuwa na haraka kiasi hicho.

Yapo ambayo hata ukifanya yote haya usinunue. Philodendron verrucosum, mzuri sana, vikonyo vina manyoya, lakini ni wa milimani kwenye mawingu, anataka usiku wa baridi, na usiku wetu wa mwezi wa pili unaujua. Hali kadhalika Anthurium warocqueanum, jani refu kama kanzu, wapo wanaoweza, mie simpendekezi kwa mtu asiekuwa na subira na pesa ya kupoteza. Philodendron gloriosum lakini chukua. Huyo anatambaa chini, mpe chungu kirefu cha ubavu sio kirefu cha kina, shina lilale juu ya makumbi lisifukiwe, na masika anatoa jani baada ya jani.

Kwa mnaosafirisha baina ya visiwa: usitume mmea mzima wenye majani, unafika umekatika. Kata kipande cha shina chenye kifundo na japo mzizi mmoja, majani makubwa yapunguze, kifunge usumba uliolowa ukakamuliwa, kiweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko (mifuko yenyewe tumeshapigwa marufuku toka 2006), na mchukuzi mwambie asiliweke juani kwenye dari la boti wala karibu na injini. Hivyo nimempelekea mama gloriosum Wete, kwake kuna mvua nyingi kuliko huku na ukumbi wa mbele umekaa kivulini, na limempita langu kwa ukubwa. Kalipanda pembeni ya majimbi yake.

Vipande vyengine vya gloriosum ninavyo vimeshatoa mizizi. Pesa sitaki, nataka Anthurium crystallinum, hata kiwe na jani moja lililotoboka, mradi mzizi uwe mzima na usiniletee vithiripi.